Paa la Mabua

Harufu ya mabua makavu ya mahindi bado hunifanya nigeuke nyuma, nione kama mama anakuja. Mwaka ule wa ukame, nikiwa darasa la tatu, Myahudi mmoja tuliyemwita Bwana Daudi alikuwa anachimba kisima karibu na kwetu, nje kidogo ya Sultan Hamud. Sikukuu yao ya vibanda ilipokaribia akajijengea chake: ukuta mmoja turubai, wa pili mbao za masanduku ya mabomba, wa tatu mlango wa lori lililokufa. Kuta ziwe za chochote, alituambia sisi watoto, ila paa lazima liwe la kitu kilichoota ardhini. Mabati hapana. Wenzangu wakaleta vijiti visivyo na jani hata moja. Nikawacheka, nikajigamba kwamba nitaleta paa lenyewe.

Nilijua liko wapi. Mama alikuwa ameweka mabua juu ya mgunga, mbuzi wasiyafikie, akimpimia ng'ombe wetu Nthune kitita kidogo asubuhi na kingine jioni. Nthune alikuwa na mimba, na siku hizo njaa ilimlegeza hata asimame tulimwinua kwa miti miwili. Mama alipoenda mtoni kufukua maji mchangani, nikapanda, nikashusha yote. Kibanda kikapendeza. Nikapigiwa makofi.

Kisha nikaona punda wetu akirudi na mitungi, mama nyuma yake. Alisimama chini ya mgunga, akatazama juu kwa muda mrefu. Alifuata mabua yaliyodondoka njiani mpaka kibandani, nami nimejibanza nyuma ya mlango wa lori. Bwana Daudi alikuwa akipanga meza. Sikukuu ingeanza jua likizama.

“Mzee, hilo paa ni chakula cha ng'ombe wangu,” mama alisema. “Asipokula leo, kesho hatuamki naye.”

Bwana Daudi akajibu kwamba kwao mnyama hulishwa kwanza, mtu baadaye. Akapanda kiti, akalibomoa mwenyewe. Nikatoka nilikojificha, tukabeba mabua mbio. Nthune alikuwa amelala ubavu. Mama akamtia bua mdomoni, tukangoja. Tukangoja tena. Taya likasogea.

“Sasa wewe Mwende,” mama akasema bila kunitazama, “mtafutie mgeni paa.”

Nilikata majani ya makonge nikishindana na jua, miiba ikinidunga mapaja. Nilimaliza kabla tu halijazama.

Ndama wa Nthune sasa ni mama wa ndama. Maji ya kisima kile tunachota hapo karibu, nami niko kidato cha tatu, na shuleni wamenifanya kiranja, Mungu awasaidie. Wamenikabidhi hata ufunguo wa stoo. Nyumbani, kushusha mabua, mama bado hupanda mwenyewe.