Ishirini kwa Kila Kitanda

Wenzake walimbandika jina la Mama Saa, wala si kwa mapenzi. Tangu arudi masomoni, alikokaa mwaka na nusu akisomea uuguzi wa wagonjwa mahututi, kila akifika kitandani alisimama kukazia macho kifua cha mgonjwa na saa yake ya mkononi, akahesabu pumzi dakika nzima. Jamani, wodi ya vitanda thelathini na wauguzi watatu, nani ana dakika ya kumgawia kila mtu? Wenzake walipima joto, wakapima presha, na penye pumzi wakaandika ishirini. Mzima ishirini, mgonjwa ishirini. Nusura wakiandikie na kitanda kitupu.

Jumanne mchana alifika kwa fundi cherehani, mama wa watoto watatu aliyepasuliwa utumbo siku tatu nyuma. Fundi alikuwa ameketi, anatabasamu, anauliza ataruhusiwa lini maana ameacha gauni la bibi harusi halina mikono. Faili lilisema ishirini, ishirini, ishirini. Mama Saa akahesabu, akapata thelathini na nne. Mtu mzima aliyetulia hazidi ishirini! Akarudia kuhesabu, ikawa ile ile.

Akampigia daktari. Daktari akamjibu kwamba amempitia asubuhi, mgonjwa anacheka, asitafutiwe kazi isiyokuwepo.

"Daktari, huyu mama anatutoka huku anacheka," akasema. "Njoo umhesabu mwenyewe."

Alikuja amenuna. Akatazama kile kifua, akaagiza machela. Kumbe mshono wa ndani ulikuwa umeachia na uchafu unavuja tumboni. Wangengoja hadi kesho, wangemfunika shuka. Walimpasua tena jioni ile ile, na baada ya wiki mbili akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Lakini siku ile ya upasuaji wa pili, binti wa zamu ya asubuhi, mgeni kazini, ndiye aliyeandika zile ishirini, alijifungia stoo ya mashuka akilia. Mama Saa akagonga, akafunguliwa, akaketi naye sakafuni. Binti alikuwa amejikunyata, anangoja kusemwa mpaka akome.

Mama Saa akamshika mkono, machozi yanamlengalenga.

"Mwanangu, mimi nimeandika ishirini miaka kumi na mmoja kabla sijafundishwa," akasema. "Wako tumemuwahi. Wangu hata sijui walikuwa wangapi."