Kamera ya Uani

Nina desturi ya kutazama kamera za watu nisiowajua. Haihitaji utundu wowote. Ukiandika maneno fulani kwenye intaneti unaletewa orodha ya kamera zilizoachwa wazi, unabofya, unaona. Nimeona theluji ikiangukia magari, ng'ombe wakikamuliwa kwa mashine, mbwa amelala mbele ya duka lililofungwa. Natazama kwenye simu nikinywa chai ya saa nne, kama wengine wasomavyo gazeti.

Mwezi uliopita niliongeza neno "Tabora". Ikaja moja tu: ua wa saruji, pipa la bluu, jamvi lililoanikwa michembe ya viazi vitamu, na mwanamke wa nguo nyeupe ameketi akinipa mgongo. Pipa nililijua. Nililishusha garini mimi na mume wa yule mwanamke, jirani yangu, ambaye tulikuwa tumemzika majuma machache nyuma.

Mjane alikuwa amekaa eda. Mpaka iishe, mwanamume asiye ndugu yake hapaswi kumwona. Mimi mwenyewe, wa ukuta mmoja, pole zangu nilizipitishia mlangoni. Na kumbe alikuwa wazi kwa dunia nzima.

Nikaenda kubisha hodi. Binti yake alifungua mlango nusu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Ile kamera ya uani aliiweka nani?"

"Kaka, alipokuja msibani. Ili amwone mama akiwa Dar."

"Ina neno la siri?"

"Alilitoa. Shangazi wa Nzega na wa Igunga walikuwa wanalisahau kila siku, halafu wanapiga simu kugomba kwamba tunamficha wifi yao."

Nikamweleza. Hakuamini. Nikampa simu, nikageukia barabarani. Nilimsikia akivuta pumzi, akaingia ndani, kisha ikatoka sauti ya mama yake:

"Shemeji! Na wewe umeniona?"

"Nimeona mgongo, shemeji. Na pipa."



"Na michembe?"

"Na michembe."

"Na kuku anayeidonoa hukumwona? Ungekuja mapema basi!"

Binti alicheka. Mama hakucheka. "Na wengine walioniona ni wangapi?"

"Sijui, shemeji. Hilo halionekani."

"Mwanangu, chukua kanga, panda kigoda."

Muda si mrefu simu ya nyumbani kwao ikalia. Kijana wa Dar alisikika mpaka nje: "Mbona giza? Kamera imeharibika?"

"Haijaharibika," mama yake alimjibu. "Ukitaka kujua hali yangu, nipigie uniulize."

Jioni kijana alirudisha neno la siri. Nilijaribu kubofya, ikanikatalia. Binti alipomwambia mama kwamba sasa ni salama, aliambiwa aiache kanga palepale.