Chaja ya Ambulansi ya Kitongoji

Kila nyumba kitongojini kwao Wagiman, huko milimani Java, hutundika kopo mlangoni lenye kijiko cha mchele wa mchango; hukusanywa kila usiku ukauzwa, na mchele huo ndio ulionunua ambulansi. Ambulansi yenyewe, masikini, hukaa hata wiki tatu bila kuitwa, na betri ikilala hivyo hufa. Wagiman, dereva wake, akatumwa mjini kununua chaja ya kuiacha imechomekwa muda wote. Tena bintiye, Ratmi, alikuwa na mimba ya miezi minane.

Dukani, mwenye duka, Koh Liong, alimvuruga kichwa. "Ya kuchajia au ya kutunzia, Pak?"

"Si kitu kimoja hicho?"

"Wapi! Hii kubwa inajaza haraka, ikijaa uitoe. Hii ndogo ikijaa inajipunguza yenyewe. Unaiacha hata mwezi."

"Ambulansi nzima, uipe hiki kidude?"

"Kwani inakwenda vitani? Si imekaa tu!"

Wagiman aligeuza maboksi asielewe kitu. Alichoelewa ni midomo ya majirani. Miezi mitatu ya mchele wa watu, halafu arudi na kidude cha kuingia mfukoni? Akabeba kubwa. Jamani, hata kuuliza tena hakuuliza!

Majirani wakaisifu. Ikachomekwa, ikanguruma usiku na mchana. Wiki ya pili ukatoka uvundo wa mayai viza. Wagiman akadhani panya kafia humo, akafagia chini ya gari. Taa ya chaja si inasema imejaa? Basi.

Asubuhi Ratmi aliposhikwa na uchungu, Wagiman akazungusha ufunguo. Tik, kimya. Akafungua boneti: betri imevimba tumbo, maji yamekauka. Imejaa, halafu imekufa! Inakuwaje? Akalizunguka gari mara tatu, haelewi ashike wapi. Ikabidi Ratmi apakiwe kwenye pikapu ya kabichi, na mtoto akazaliwa njiani, mvuani, mzima, ashukuriwe Mungu.

"Bapak," Ratmi akauliza kwa sauti ya kuchoka, "chaja kubwa vile, imekuwaje?"

"Huo ukubwa ndio umeiua, Nduk, binti yangu. Nilionyeshwa ndogo, nikaikataa."

"Kwa nini?"

"Niliogopa watu watasema nimekula mchele wao."

Bu Painem, jirani aliyempokea mtoto, alikuwa akimfunika kwa kanga yake iliyolowa.

"Tungesema, Pak," akasema. "Hata mimi ningesema."