Shemeji yangu alitaka Mama aandikwe kuwa amepoteza akili

Leo shemeji yangu, mume wa dada yangu, ametolewa nje ya chumba cha daktari, nami nimefurahi bila aibu.

Anataka kuuza nyumba ya Mama iliyoko mtaa wa Katuba. Ili auze, anahitaji karatasi inayosema Mama amepoteza akili. Basi akampeleka mwenyewe kwa mwanasaikolojia anayepima kumbukumbu, akaketi kando yake. Mimi nikawafuata.

Mama aliinamisha kichwa.
Swali la kwanza, kimya.
La pili, kimya.

"Mama, huyu mwenye alikuleta, jina yake nani?" daktari akauliza.

Kimya kabisa.

Shemeji akatabasamu. "Unaona, Docteur? Kichwa ilisha kuisha."

Nikamwambia daktari: "Huyu ni mukwe wake. Kwetu Mitwaba mama hasemake mbele ya mukwe, na jina yake hatajake. Na yeye anajua."

Anajua vizuri sana. Ameoa kwetu miaka ishirini.

Daktari akaweka kalamu chini. "Papa, utoke kidogo."

Mlango ulipofungwa, Mama akainua kichwa. Akajibu tarehe, akarudia maneno yote matano aliyopewa kukumbuka. Kisha akasema: "Jina sitataja. Lakini uandike: siku ya kuja kuoa, alivaa viatu vya kaka yake."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Mnaonaje, nikae kimya ili kulinda undugu?

Shemeji, najua unasoma. Daktari ameandika kwamba Mama ana akili timamu. Mama ameagiza karatasi itiwe fremu, itundikwe sebuleni, juu ya kiti unachokalia ukija kusalimia.