Mara Saba za Kushiba

Kasha la vitabu vya babu lilinuka kafuri, karafuu na ngozi kuukuu iliyoanza kuota ukungu, na kila mvua za vuli zilipoanza kunyesha pale kwetu Vitongoji, harufu ile ilitoka chumbani kwa Bibi ikajaa nyumba nzima. Hapo nilijua kwamba kazi yangu imefika. Tulivitoa vitabu kimoja kimoja, tukavikung'uta, tukavipanga juu ya mkeka karibu na seredani yenye makaa machache, ili unyevu uwatoke bila ya kuwaunguza, kama Bibi alivyokuwa akisema, maana yeye alivizungumzia vitabu vile kama watu. Vilikuwa sita. Vitano vilikuwa vya dini: msahafu, maulidi, viwili vya fiqhi na kimoja cha dua. Cha sita kilikuwa kinene kuliko vyote, na babu alikiandika mwenyewe kwa mkono wake. Sisi tulikiita Kitabu cha Nyumba. Babu alisomesha chuo cha Kurani miaka mingi, na kila lililotokea katika ukoo alilitia humo: nani kazaliwa, nani kafa na kazikwa wapi, shamba gani limetolewa wakfu kwa msikiti, kisima kipi kilikauka mwaka wa njaa. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tena kwa haraka, nukta nyingi akiziacha, hata mtu aliyeijua Kurani vizuri aliweza kukwama mstari wa pili.

Mimi sikukwama. Babu alipokufa nilikuwa na miaka saba, na Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameshaanza kufunikwa na mtoto wa jicho, alinikalisha kila baada ya sala ya alasiri akanifundisha hati ile. Yeye alizijua kurasa nyingi kwa moyo. Alisema, nami nikafuata kwa kidole, mpaka siku moja kidole kikamtangulia. Wazazi wangu walikuwa Unguja kikazi, baba zangu wadogo walisoma skuli za serikali wakaijua hati ya kizungu tu. Kwa hiyo nilipofika miaka kumi na mmoja, katika nyumba ile iliyojaa watu wazima, msomaji wa mambo yetu nilikuwa mimi peke yangu. Nilijiona mkubwa. Sikujua kwamba anayeshika ufunguo ndiye anayegongewa mlango.

Vuli ninayoisimulia ndiyo ile ambayo dada Asha alikuwa aolewe. Asha alikuwa mtoto wa shangazi yangu, na shangazi alifariki Micheweni siku tatu baada ya kumzaa. Kitoto kile kilibaki kule kwa baba yake, ambaye naye hakuishi sana, siku arubaini, kikinyonyeshwa na huyu na yule, mpaka babu alipokwenda mwenyewe kukichukua na kukileta Vitongoji, ambako Bibi alikilea kwa maziwa ya mbuzi. Mimi na Asha tulilala kitanda kimoja. Yeye ndiye aliyenisuka, aliyenipikia uji nikiugua, aliyenificha nyuma ya kanga yake Bibi alipokuwa akitafuta wa kumchapa. Alikuwa na miaka ishirini, na posa ilikuwa imetoka kwa Hamad, kijana fundi seremala wa Wawi, mpole, ambaye familia yake ilihamia huko tangu yeye mdogo. Mama yake Hamad alikwishafariki. Watu wote waliridhia. Mchele ulishapembuliwa, mbuzi wawili walikuwa wamefungwa uani, na Asha alishaanza kukaa ndani kusingwa mwili kwa liwa, ule unga wa msandali, asionwe na mwanamume.

Zilipobaki siku sita alifika Bi Time. Alikuwa bibi mmoja wa Micheweni, jirani wa zamani wa shangazi yangu, aliyeitwa kuja kusaidia shughuli. Alikaa jikoni na wanawake akikuna nazi, akicheka, akiuliza habari za bwana harusi kama inavyoulizwa: mtoto wa nani, kwao wapi. Aliambiwa ni mtoto wa marehemu Mkasi binti Faki. Mbuzi ya kukunia nazi ikanyamaza. Bi Time aliosha mikono polepole, akaenda chumbani kwa Bibi, akafunga mlango. Mimi nilikuwa humo humo nikigeuza vitabu kwenye mkeka, na hakuna aliyekumbuka kunitoa.

"Bi Zuhura," alisema, "mie sikuja kuharibu harusi ya mtu. Lakini Mkasi alimnyonyesha Asha. Niliona kwa macho yangu, huku Hamad ziwa hili na Asha ziwa lile."

Bibi, ambaye babu hakuwahi kumtajia jambo lile, aliuliza ni mara ngapi. Bi Time alijibu kwamba kuhesabu hakuhesabu. Msiba ulikuwa mbichi, na mtoto alikuwa akilia, na mwenye maziwa alinyonyesha. Nilikuwa mdogo, lakini jambo hilo nililijua, kila mtoto wa chuo alilijua: walionyonya kwa mama mmoja, wakashiba, mara tano, ni ndugu, na ndugu hawaoani mpaka Kiyama.

Jioni ile aliitwa Shehe Omar wa msikitini kwetu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba shaka peke yake haivunji ndoa, na mtu mmoja asiyeijua hesabu hathibitishi kitu. Lakini marehemu Mwalimu, yaani babu, alikuwa mtu wa kuandika, na kama aliandika, basi maandishi yatafutwe kwanza. Yasipopatikana, harusi iende na Mungu ndiye ajuaye. Bibi akageuza uso kunielekea, ingawa hakuwa akiniona vizuri. Alisema kwa sauti ya chini, "Kama babu yako aliandika, Mize, wewe utayaona."

Nilikaa na kitabu kile siku mbili. Mvua haikukatika, na kurasa za katikati zilikuwa zimegandana kwa unyevu, nikizibandua moja moja kwa ubavu wa kisu huku nikiomba zisichanike. Nje ya mlango nyumba haikuwa ile tena. Wanawake waliacha kuimba. Baba zangu wadogo waligombana barazani, mmoja akisema Bi Time ni mzee amechanganyikiwa, mwingine akisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kila nilipotoka kwenda kunywa maji, watu walinitazama mikono kwanza, kisha uso. Na Asha, ambaye alikuwa akiyasikia yote kutoka chumba cha pili, alinisuka nywele asubuhi zote mbili kama kawaida, ila alivuta kwa nguvu kidogo kuliko siku nyingine.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, ukurasa uliachia. Niliujua kwa jina la shangazi lililokuwa juu. Babu aliandika kwamba amefika Micheweni, amemkuta mtoto yu hai, na amewauliza wanawake mmoja mmoja nani kamnyonyesha, ili wajukuu wasije wakaoa ndugu zao kwa kutojua. Majina yalikuwa matatu. La kwanza mara moja. La pili mara mbili. La tatu lilikuwa Mkasi binti Faki, pamoja na mwanawe Hamad, mara saba, kila mara kwa kushiba.

Nilisoma tena. Kisha nikakifunga kitabu, na Bibi aliponiuliza kutoka kitandani kama pana lolote, nilisema sijaona kitu. Mpaka leo nakumbuka jinsi Bibi alivyosema "Alhamdulillahi" na jinsi neno lile lilivyonichoma. Nilijiambia kwamba ninamwokoa Asha. Nilijiambia kwamba wafu hawaweki kinyongo na karatasi haina ulimi. Habari zikaenda mpaka barazani kwamba hakuna maandishi, na baada ya saa moja nikasikia kigelegele cha kwanza jikoni tangu Bi Time aje.

Alasiri Asha aliniita chumbani kwake. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, njano ya liwa bado mashavuni. Aliniambia nifunge mlango, akaniambia nilete kitabu. Nilikileta. Hakujua kusoma hati ile; alikiweka mapajani akakishika pembe zote mbili.

"Wewe ukisema uongo unakuna kiwiko," alisema. "Umekikuna tangu mchana. Nisomee."

Nilimsomea. Alisema nirudie, nikarudia. Kisha nikaanza kulia, nikamwambia kwamba hakuna mwingine awezaye kuusoma ukurasa ule, kwamba naweza kusema mara tatu, au naweza kuutia kwenye seredani sasa hivi, na yeye ataolewa na kila mtu atafurahi. Mvua ilikuwa ikipiga bati, na nyuma ya ukuta wanawake walikuwa wakitwanga viungo. Nilimwona Asha akiupima ukurasa ule kwa vidole, unene wake, jinsi ulivyoshikamana na uzi wa kitabu, na kwa muda kidogo nilidhani atauchana. Naamini naye alidhani.

"Ningekuwa sijui," alisema mwisho, "Mungu angenisamehe."

Alijifuta liwa kwa ncha ya kanga, akavaa buibui, akakifunga kitabu ndani ya kitambaa kisilowe, akatoka. Bibi harusi hatoki, na watu walioketi barazani waliinuka kwa mshangao, lakini hakuna aliyemzuia. Mimi nilimfuata nyuma, miguu ikizama kwenye tope. Nyumbani kwa Shehe Omar aliniambia nisome kwa sauti, nami nikasoma, na Shehe akaufuata mstari kwa kidole mpaka akahakikisha. Alifumba macho. Alisema ya kwamba wino wa Mungu haufutiki, na kwamba anasikitika, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesikitika kweli. Bibi nilipokiri kwake uongo wangu hakunichapa. Alinishika mkono, akanitaka niape kwamba sitasoma tena kwa ajili ya kumpendeza mtu, bali nitasoma kilichoandikwa.

Kesho yake Hamad alikuja. Alisimama uani karibu na mbuzi, koti limelowa, asijue aelekee wapi, kwa kuwa tangu posa itoke alikuwa hajaruhusiwa kuvuka kizingiti. Bibi alipoambiwa yupo nje, alisema maneno ambayo sijayasahau: "Mwambieni aingie. Ndani yuko dada yake." Aliingia mpaka chumba cha ndani, akamwona Asha bila ya buibui kwa mara ya kwanza. Walikaa mkeka mmoja kama ndugu wanavyokaa, wote wawili wakitazama chini. Sikusikia walichosema, kama walisema. Alipotoka aliagana na kila mtu, na kabla ya mwezi kwisha tulisikia kwamba amevuka kwenda Tanga.

Asha hakuniudhi kwa neno, ila hakunisuka tena. Ilipita Ramadhani, ikapita Idi, likaja joto la kaskazi, ndipo usiku mmoja alipojisogeza kitandani akanipa nusu ya mto wake. Baadaye aliolewa Chake Chake na mwalimu mmoja, wakaishi vizuri, wakapata binti mmoja, kisha mwalimu akafariki. Alipojaaliwa kupata nafasi ya kwenda Hija, alihitajika maharimu, yaani mwanamume wa karibu asiyeweza kumuoa, wa kufuatana naye, na yeye hakuwa na baba, wala mume, wala kaka wa kuzaliwa naye, na wajomba zake wote walikwishafariki. Nilimwandikia Hamad barua. Alikuja kutoka Tanga, ndevu zimeingia mvi, na Shehe mpya wa msikiti akauhakiki ukurasa ule ule na kuandika hati kwamba hawa ni ndugu wa kunyonya. Waliondoka pamoja. Waliporudi Asha aliniambia kwamba katika msongamano wa tawafu, wa kuizunguka Kaaba, Hamad alimshika mkono asipotee, na yeye akalia.

Kitabu sasa kiko kwangu. Mwanangu amezipiga picha kurasa zake zote kwa simu, na anazo salama, ukungu hauzifikii, mchwa hawazijui. Lakini hajui kuzisoma, na ninapomkalisha baada ya alasiri ananiambia ana mtihani. Simlaumu. Mwaka jana mke wa mdogo wangu alijifungua hospitali, maziwa yakachelewa kushuka, na mama mmoja wa kitanda cha pili akamnyonyesha mtoto. Wote walishukuru, wakatoka, na hakuna aliyeuliza jina lake. Niliwauliza kwa nini, wakacheka, wakasema siku hizi si zama zile. Nilimtafuta mama yule siku mbili, nikimuulizia kwa huyu na yule, nikampata Wawi akianika nguo. Alinikaribisha, akashangaa, akahesabu kwa vidole: mara sita, Bi, na alishiba. Niliandika jina lake, na la mwanawe, na hesabu, kwa hati aliyoitumia babu. Kisha nikaandika yote tena chini yake kwa hati ya skuli, kwa sababu sijui ni nani atakayekuja kusoma.