Matembezi ya Afya

Bwana Nasor, meneja wa hoteli moja Watamu, aliamuru wafanyakazi wote Ijumaa watembee kwa miguu hadi Dabaso, wajenge afya na kulinda mazingira. Dereva Mwaro, mwenye kitambi na magoti mabovu, alifuata nyuma na gari la maji ya kunywa.

Hata nusu ya njia hawajafika, Priscilla wa jikoni alipanda garini, eti kiatu kinambana. Wengine wakafuata mmoja mmoja, gari likajaa pomoni. Mwisho meneja mwenyewe akafungua mlango wa dereva, anahema.

“Mwaro, ndugu yangu, hebu shuka. Nitaendesha mimi.”

Mwaro alifika Dabaso peke yake, akichechemea, akakuta wenzake wameshapiga picha na kumaliza madafu.

Ijumaa iliyofuata Mwaro alisema gari limeharibika. Matembezi yakaahirishwa.