Majani Marefu ya Podo

Mzungu wa miti alipopanda kutoka Voi alitaka kitu kimoja tu: matawi ya podo kutoka kila mlima. Podo ni mti mmoja, alisema, ila una sura mbili. Ile ya majani mafupi iachwe isimame, itoe mbegu. Ile ya majani marefu ipasuliwe mbao. Mlima upi una ipi, ndilo alilokuja kuamua. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la juu misheni, nikaitwa nitafsiri, mtoto mgongoni.

Podo zetu zilikuwa fighini, msitu wa matambiko, na chini yake ndipo ilipotoka chemchemi yetu. Fighini hakukatwi hata kijiti. Basi baba mkwe wangu, mlinzi wa msitu huo, alipoambiwa alete matawi akafanya nini? Akaenda nje ya mpaka, akakata miche iliyojiotea kwenye shamba la maharagwe. Na mche wa podo una majani marefu kama kidole. Ukizeeka ndiyo yanafupika. Mchunga mbuzi yeyote wa kwetu anajua.

Mzungu akayatandaza mezani. "Mlima huu, majani marefu."

Nikamwambia mzee kwa Kidawida, "Baba, mwambie hiyo ni miche."

"Nimwambie ili aingie fighini na kisu chake?"

"Usipomwambia, wataingia na misumeno."

"Kumbe misheni wanafundisha na uaguzi! Mama mtoto, nyonyesha."

Wazee wenzake wakacheka. Nikamgeukia Mzungu, nikamweleza mimi mwenyewe kwamba ni miche. Akamtazama mzee, si mimi. "Mzee, matawi haya ni ya mlima huu?"

"Ndiyo, Bwana. Huu huu."

Wala hakusema uongo. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo.

Wapasua mbao walikuja baada ya mvua. Podo zililala chini na majani yake mafupi, kila mtu akiyaona. Wazee walisimama mikono nyuma. Sasa hakuna aliyecheka.

Kiangazi kilichofuata chemchemi ikawa tope, kisha vumbi. Mwanangu aliharisha kwa maji ya dimbwi la ng'ombe mpaka macho yakazama. Alipona, kama huko ni kupona. Wenzake walikuwa wanakimbia, yeye hata kusimama hawezi.

Jioni moja nilipanda kutoka bondeni na mtungi wa maji. Mzee alikuwa mlangoni kwangu, ameshika kibuyu.

"Mama mtoto, nigawie maji."

"Kachote fighini, baba," nikamwambia, nikaingia ndani kumnywesha mwanangu.